Netherland: Nani Alimwagilia Uwanja wa Chuck?

Nilipofika katikati ya Netherland, riwaya ya Joseph O'Neill, nilimsimulia kisa chake mzee mmoja wa mtaani kwetu Ngamiani. Nilimchagua yeye kwa sababu. Ujanani alikuwa kibarua kwenye uwanja ambao Wahindi wa hapa Tanga walikuwa wakicheza kriketi siku za Jumapili. Kazi yake ilikuwa kuvuta rola, kukata nyasi na kumwagilia jioni jua likishapoa. Kucheza, hakucheza hata siku moja.

Nikamwambia: mzee, kuna bwana mmoja anaitwa Chuck Ramkissoon, Mhindi wa Trinidad aliyehamia New York. Amepata eneo kwenye kiwanja cha ndege cha zamani kule Brooklyn, na anataka kujenga uwanja wa kriketi wa kimataifa. Anasema siku moja India na Pakistan watacheza pale, na dunia nzima itakaa mbele ya televisheni kutazama. Marekani! Watu ambao kriketi hawaijui!

Nilitegemea aulize habari ya fedha, au kama Wamarekani walimwelewa. Mzee akaniuliza, "Maji anatoa wapi?"

Nikacheka. Akasema, "Usicheke mwanangu. Mvua ikikatika wiki tatu uwanja umekwisha. Na huyo bwana akisafiri, nani anabaki na nyasi?"

Nimekimaliza kitabu, nikakirudia tena, na kila nilipofika kwenye kurasa zinazosifiwa sana niliona swali la mzee limekaa pale linaningoja. Naandika haya kwa ajili ya swali hilo. Netherland ni riwaya nzuri, tena nzuri kweli, na wala sitaki mtu aseme nimeiponda. Ila nadhani mwishoni inamtupa mtu wake, na inamtupa kwa lugha tamu kiasi kwamba wasomaji wengi hatukugundua.

Kwa asiyeisoma: ilitoka 2008. Msimulizi ni Hans van den Broek, Mholanzi anayefanya kazi benki. Kazi yenyewe ni kuchambua kampuni za mafuta na kuzikadiria thamani. (Sisi wa Tanga, ambao bomba kutoka Hoima linaishia kwetu Chongoleani, tuna haki ya kumtazama Hans kwa makini kidogo.) Baada ya shambulio la Septemba 11, 2001, yeye na mkewe Rachel wanahamia hoteli ya Chelsea pamoja na mtoto wao mdogo. Ndoa inayumba. Rachel anamchukua mtoto na kurudi London. Hans anabaki peke yake, na upweke unampeleka kwenye kriketi, mchezo aliojifunza utotoni Uholanzi. Anakuta New York imejaa wachezaji: Wapakistani, Wahindi, Wajamaika, Waguyana, watu wa Sri Lanka. Madereva teksi, wauza duka, mafundi. Katika timu yake yeye ndiye mzungu pekee. Humo ndimo anamokutana na Chuck.

Chuck anaingia kitabuni kwa kishindo. Ni mwamuzi wa mechi, mabishano yanazuka, mtu anatoa bastola. Chuck anamkabili kwa maneno na kwa utulivu, na baadaye anawahutubia wachezaji kuhusu adabu ya mchezo na nafasi ya mgeni katika nchi ya watu. Mwandishi lakini ameshatuambia mapema kwamba Chuck amekufa. Kurasa za mwanzo kabisa Hans yuko London, mwaka 2006, anapigiwa simu na mwandishi wa habari: mwili wa Chuck umepatikana kwenye mfereji wa Gowanus, mikono imefungwa pingu. Kwa hiyo riwaya yote tunaisoma tukijua kwamba uwanja ule hautajengwa. Tunamtazama mtu akikata nyasi huku tunajua kaburi lake.

Kwenye nyasi ndipo O'Neill anaponishinda. Kuna jambo la ufundi ambalo analieleza vizuri kuliko mwandishi yeyote wa michezo niliyemsoma. Kriketi inataka nyasi fupi, mpira uliopigwa chini uteleze mpaka mpakani. Viwanja vya New York anavyocheza Hans ni vya bustani za jiji, nyasi ni nene na haziangaliwi. Ukipiga chini, mpira unakwama. Basi wahamiaji wale wamejifunza kupiga juu, hewani, japo ni hatari zaidi maana mpira unadakwa. Hans hataki. Alifundishwa kupiga chini, na kubadili mapigo kwake ni kama kujibadili yeye mwenyewe. Anapata mikimbio michache, anaondoka na heshima yake. Siku anapokubali hatimaye kupiga hewani, moyo wake unaona umefika Marekani.

Hapo nilikiweka kitabu chini nikatulia. Mwandishi amesema habari nzima ya uhamiaji kwa urefu wa majani. Hakuna hotuba. Ardhi ina tabia yake, nawe ama unabadilisha mapigo au unabadilisha ardhi. Hans alibadilisha mapigo. Chuck alitaka kubadilisha ardhi.

Jambo la pili analolifanya vizuri ni kuupinga ule uongo wa "nchi mpya". Chuck hakubali kwamba kriketi ni ngeni Marekani. Na kihistoria hakosei. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya kriketi ilichezwa New York mwaka 1844, Marekani dhidi ya Kanada, miaka mingi kabla England na Australia hazijaanza uhasama wao. Klabu ya Staten Island ilianzishwa 1872. Chuck anajiona anarudisha kitu kilichosahauliwa.

Nasi tuna usahaulifu wetu. Ukimuuliza kijana wa leo pale Mkwakwani, atakutajia Coastal Union kuanzia golikipa mpaka wa akiba, lakini kriketi atakwambia ni mchezo wa Wahindi, au wa kwenye televisheni. Wakati Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, Uingereza mwaka 1975, lilikuwa na timu inayoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walifungwa mechi zote tatu, sawa, lakini walikuwepo. Na wapenzi wa vitabu tukumbuke: mmoja wa wachezaji wale alikuwa John Nagenda wa Uganda, ambaye baadaye aliandika riwaya ya The Seasons of Thomas Tebo. Mwandishi wetu alirusha mpira kwenye Kombe la Dunia, na sisi bado tunaandika kama kriketi haijapita huku.

Tanga mchezo ulipungua pamoja na watu. Nyumba zilitaifishwa 1971, Wahindi wengi wakaondoka, mkonge nao ukashuka bei. Viwanja vya kriketi havikubomolewa na mtu yeyote. Watu waliacha tu kumwagilia. Sasa na waliobaki, wale wavuta rola? Hakuna aliyewahi kuwakabidhi gongo. Walijua uwanja kwa kila shimo lake, lakini mchezo haukuwa wao, na mchezo usio wako huulindi. Hilo ndilo swali la mzee wangu kwa maneno mengine. Kwa swali hilo naingia kwenye lawama yangu.

Chuck anamwajiri Hans, kama tunaweza kusema hivyo, kwa urafiki. Anamwalika ajifunze kuendesha gari ili apate leseni, na Hans anamzungusha Brooklyn nzima. Kumbe safari zile ni za kukusanya fedha za bahati nasibu ya namba, mchezo wa chinichini. Hans anadai hakuelewa. O'Neill anajua vizuri kwamba hatutamwamini sana: mtu anayekadiria kampuni za mafuta anashindwa vipi kujua mahesabu ya kwenye buti la gari analoliendesha mwenyewe? Huo ni ufundi. Msimulizi anatuonyesha upofu wake bila kukusudia. Anapokuja kuona ukatili uliomo katika biashara ile, anaudhika, anajitenga, na muda si mrefu anarudi London kwa mkewe. Chuck anabaki na uwanja wake, kisha anauawa. Nani alimuua hatuambiwi, na Hans hatafuti sana.

Halafu tunafika kwenye ukurasa unaonisumbua. Hans, usiku, London, anafungua Google Maps. Anashuka kutoka angani, anavuka bahari, anautafuta uwanja wa Chuck. Anaukuta. Nyasi zimeungua, rangi ya udongo, ila uwanja bado upo. Anatazama kidogo, kisha anapanda juu tena mpaka dunia nzima inakuwa duara na mipaka ya nchi haionekani. Kitabu kinaishia naye akiwa na familia yake kwenye gurudumu kubwa la London, juu tena, wakiutazama mji na jua.

Ni kurasa nzuri za kusoma. Lakini angalia kinachotendeka. Uwanja umekauka, na riwaya inapanda juu. Mara mbili! Kifo cha Chuck kimefanya kazi moja tu, nayo ni kumponya Hans. Ndoto ya mtu wa Trinidad imekuwa mbolea ya ndoa ya Mholanzi. Najua kuna atakayesema, "Ndugu, hii ni hadithi ya Hans, ulitaka iweje?" Nakubali ni ya Hans. Na nimeshasema mwandishi anajua kuucheka upofu wake pale kwenye gari. Lakini kurasa za mwisho hakuna kicheko. Lugha inalainika, inang'aa, inakaa upande wa Hans moja kwa moja. Mwandishi aliyekuwa anamtazama msimulizi wake kwa jicho la pembeni sasa anapanda naye gurudumu.

Mwaka ule ule wa 2008 Zadie Smith aliikosoa riwaya hii katika insha mashuhuri, akiilinganisha na Remainder ya Tom McCarthy. Kwake tatizo lilikuwa aina ya riwaya yenyewe, ule uhalisia wa kishairi ambao umeshakuwa njia iliyokanyagwa mno. Mimi sina ugomvi na njia hiyo. Lugha tamu si kosa, sisi wa pwani ndio wa mwisho kuilaumu. Ugomvi wangu ni mdogo na ni wa mahali pamoja: utamu ulitumika wakati ambapo mtu alitakiwa kushuka chini akatafute ndoo.

Ukitaka kuona tofauti, chukua kitabu ulicho nacho nyumbani. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, aliandika Kusadikika, nayo ni nchi inayoelea angani. Ungetegemea yeye ndiye atakayetupeleka juu akatuache huko. Wapi! Kitabu karibu chote kiko mahakamani. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za kigeni, kila mmoja akarudi na jambo la manufaa, na kila mmoja akatupwa gerezani. Nao ni watu wa aina ya Chuck: wameona kitu kwingine, wamekileta, wameonekana wahalifu. Ila Shaaban hawaachi wawe kumbukumbu ya mtu mwingine. Anampa Karama siku nzima za kusema. Anamlazimisha mshtaki asikilize. Mwisho wafungwa wanafunguliwa. Unaweza kusema ni kitabu cha mafunzo kupita kiasi, na kwamba wahusika wake ni hoja zilizovaa kanzu. Nakubali. Lakini kwenye nchi yake ya hewani watu wanatoka jela. Kwenye New York halisi ya O'Neill mtu anaonekana kutoka setilaiti.

Chuck anazungumza sana kitabuni, tena kwa ufasaha, lakini kila neno lake linapita kwa Hans. Hatuwasikii hata mara moja wale walioshika rola baada yake.

Sasa, dunia imefanya jambo ambalo ni nadra kwa riwaya: imeijaribu hoja ya Chuck. Mwezi Juni 2024, Kombe la Dunia la T20 lilichezwa Marekani na visiwa vya Karibi. Huko Long Island, nje kidogo ya jiji la New York, ukajengwa uwanja wa kimataifa wa Kaunti ya Nassau, viti 34,000, kwa miezi michache tu. Tarehe 9 Juni India na Pakistan wakacheza pale kama Chuck alivyotabiri. India walitolewa kwa mikimbio 119 na bado wakashinda kwa 6. Watu walijaa, dunia ilitazama. Chuck alikuwa sahihi!

Na mzee wangu naye alikuwa sahihi. Pichi hazikuota pale. Ziliotesha nyasi zake Florida, ndani ya trei, zikasafirishwa kwa malori. Mpira ulidunda hovyo, na Sri Lanka waliishia mikimbio 77. Majukwaa yalikuwa ya kuazima, yamewahi kutumika kwenye mbio za magari Las Vegas. Mechi nane zikachezwa, ya mwisho tarehe 12 Juni, kisha mafundi wakaanza kuyafungua. Watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Ule ulikuwa uwanja wa aina hiyo.

Mfano wa upande wa pili uko karibu na sisi, na natamani O'Neill angeuona kabla hajaandika. Rwanda ni nchi mpya kwa kriketi kweli kweli. Mchezo uliingia hasa baada ya 1994, na waliorudi kutoka uhamishoni, wengi wakiwa wameujua Uganda na Kenya. Chama chao ni cha 1999. Kwa miaka mingi walicheza Kicukiro, kwenye uwanja wa shule ya ufundi ambayo Aprili 1994 ilikimbiliwa na watu zaidi ya 2,000. Askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakiwalinda waliondoka, na karibu wote wakauawa. Vijana wakajifunza kudaka mpira kwenye ardhi hiyo.

Kisha wakajenga Gahanga, nje kidogo ya Kigali, ukafunguliwa Oktoba 2017. Fedha zilichangishwa kwa njia nyingi, na mmojawapo wa wachangishaji alikuwa nahodha wao Eric Dusingizimana, ambaye Mei 2016 alisimama kwenye wavu akipiga mipira saa 51 mfululizo na kuweka rekodi ya dunia. Jengo la wachezaji ni kuba tatu zinazofuata njia ya mpira unaodunda, kubwa, katikati, ndogo. Vigae vyake vilitengenezwa kwa udongo wa palepale uliochanganywa na saruji na kushindiliwa, kazi ikafanywa na mikono ya watu wa pale. Wasanifu walikuwa wa kutoka nje, na fedha nyingi pia, sitaki kuremba. Lakini aliyefinyanga kigae anajua nyufa zake. Na kila mwaka wanawake wanacheza mashindano ya Kwibuka kwa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Timu yetu ya Tanzania imelitwaa kombe hilo, 2019 na tena 2022. Ulijua? Mimi nilichelewa kujua, na najiita mtu wa michezo.

Sisemi Gahanga ni riwaya bora kuliko Netherland. Uwanja ni uwanja. Ninachosema ni kwamba Gahanga umeniwezesha kuliona pengo la kitabu. Nilikuwa nimekubali, kama msomaji yeyote aliyelelewa na riwaya za namna hii, kwamba ndoto kubwa ya mhamiaji lazima ife ili tuilie vizuri. Tumeizoea sana hadithi hiyo. Mwotaji mwenye mdomo mtamu na mkono mchafu anaanguka, mstaarabu mmoja anabaki kumkumbuka, nasi tunafunga kitabu tukiwa na huzuni nzuri. Huzuni nzuri ni rahisi. Kilichokuwa kigumu, na ambacho O'Neill alikuwa na uwezo wa kukiandika maana alishaandika majani kuliko sote, ni Jumatatu baada ya mazishi: wale madereva teksi wanakutana, mmoja anauliza, jamani, ile mashine ya kukata nyasi iko wapi?

Isome Netherland. Isome kwa ajili ya mpira unaokwama kwenye nyasi nene na kwa ajili ya Chuck akizungumza garini. Ukifika mwisho, Hans anapopanda juu, wewe baki chini.

Nilimaliza kumsimulia mzee wiki iliyofuata. Nikamwambia yule bwana ameuawa, na rafiki yake yuko London, anautazama uwanja kwenye kompyuta, umekauka.

Akanyamaza kidogo, akauliza, "Uwanja bado unaonekana?"

Nikamwambia ndiyo, unaonekana hata kutoka angani.

"Basi haujafa huo," akasema. "Mizizi ipo. Mwambie aende na mpira wa maji."